Kumnyanyua Fundi

Kijiko kiligonga kikombe cha bati mara tatu, ngo, ngo, ngo, na Bi Sindano akafumbua macho. Nje bado kulikuwa giza, hata ndege walikuwa hawajaanza kugombana. Hakuhitaji kuuliza. Kugonga mara moja maana yake kiu, mara mbili maana yake nigeuze ubavu, mara tatu maana yake choo, na choo hakina subira.

"Nimesikia, mzee wangu," alisema akijifunga kanga. "Naja."

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa kuwa alitengeneza saa za watu miaka arobaini, alikuwa mwanamume mrefu wa mifupa mizito. Bi Sindano alikuwa mshonaji, lakini jina lake halikutokana na kazi peke yake: alikuwa mfupi, mwembamba, ukimtazama kwa ubavu waweza kudhani ameshaondoka. Siku ya harusi yao watu walicheka kwamba mlingoti umeoa bendera, naye akacheka nao. Miaka thelathini na minane baadaye, kiharusi kilipompiga Fundi na kumlemaza upande wote wa kulia, mkono, mguu na nusu ya ulimi, utani ule ukaacha kuchekesha.

Alimkalisha ukingoni mwa kitanda. Kando kilisubiri kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati, ndoo chini yake. Hatua moja tu. Akapitisha mikono chini ya makwapa ya mumewe, akavuta. Fundi akapanda kidogo, akayumba, kisha akaanza kushuka polepole kama gunia linaloteleza kwenye bega la mchukuzi aliyechoka, na wote wawili wakaishia sakafuni. Sakafu ikalowa.

"Po... le," alisema Fundi. Maneno yake siku hizi yalitoka moja moja, kama watu wanaoshuka ngazi gizani.

"Pole ya nini? Sakafu ilikuwa inahitaji kuoshwa."

Alimfuta, akamvisha kanga yake nyingine, akamwekea mto mgongoni, akaketi naye palepale kumsubiri Mlinzi. Huyu alikuwa jirani wa mlango wa pili, mlinda bohari, na kila asubuhi akitoka kazini alibisha hodi akisema, "Nimekuja kuomba chumvi." Akishaingia humkuta Fundi chini, au amekwama nusu kitandani, naye humnyanyua bila neno na kumweka vizuri. Katika miezi minne alikuwa ameomba chumvi ya kukausha samaki wa ziwa zima, na hakuwahi kuondoka na hata chembe. Hakutaka tu waone haya.

Lakini siku hiyo mwenzake wa zamu hakutokea, Mlinzi akazuiwa kazini. Jua likapanda. Bi Sindano alijaribu tena mara nne, mara ya nne akamuumiza Fundi bega. Majirani wengine wote wa mtaa walikuwa wameshatawanyika makazini. Saa tano, mlango uliposukumwa, aliyeingia hakuwa Mlinzi. Alikuwa Mwashi, mdogo wake Fundi, ambaye alikaa mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa basi. Alikuja kumjulia hali kaka yake, akamkuta ameketi sakafuni kwa kanga ya mkewe.

Mwashi hakupiga kelele. Alimwinua kaka yake kama anayeinua mtoto, akamlaza, akamfunika. Kisha akatoka uani na kusimama akiupa ukuta uso. Bi Sindano alimfuata.

"Shemeji, nyumba hii haimfai tena," alisema Mwashi. "Kwangu kuna vijana wawili wenye mabega. Nitamchukua."

"Nyumba haina kosa, shemeji. Kosa ni la mikono yangu."

"Na mikono ndiyo hiyo hiyo. Una miaka sitini na miwili."

"Sitini na mmoja."

Mwashi alitaka kucheka, akajizuia. "Amekaa sakafuni tangu alfajiri, shemeji. Akipata vidonda je? Akivunjika?"

"Nipe muda."

"Wa kufanya nini? Wa kurefuka?"

"Wa kupata nguvu."

Mwashi alimtazama mke wa kaka yake kuanzia kitambaa cha kichwa hadi kandambili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu. "Wiki nane," alisema mwisho. "Nikirudi, mtoe kitandani umweke kitini peke yako, mbele ya macho yangu. Ukiweza, sitafungua kinywa tena. Usipoweza, naondoka naye siku hiyohiyo, na usinililie."

*

Nyuma ya gereji iliyofungwa kulikuwa na chumba watu walikiita Kwa Kocha. Bi Sindano alikuwa amekipita miaka mingi akipeleka sare za shule alizoshona, akisikia vyuma vikilia ndani kama jiko la wachawi. Siku ya pili yake aliingia.

Hakukuwa na vyuma vya dukani. Kulikuwa na makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuchomekwa kwenye mabomba ya maji, benchi mbili za mbao, na kioo kilichopasuka. Kinyozi wa mtaani alikuwa mbele ya kioo akikunja mkono na kuusifu kwa macho. Kocha mwenyewe alikuwa mtu mzima mwenye kifua kipana, mchukuzi wa mizigo zamani. Vijana walimwita Bawaba, kwa sababu kila mgeni alimwambia jambo moja kwanza: kiuno ni bawaba ya mlango, mlango hujikunja kwenye bawaba, haujikunji katikati ya ubao.

"Unamtafuta nani, mama?"

"Natafuta nguvu."

Kinyozi akacheka. Bawaba akamgeukia. "Nyamaza wewe. Siku ya kwanza ulikuja hapa ukitafuta mabega, na mpaka leo tunayatafuta pamoja."

Bi Sindano alieleza shida yake yote amesimama, halafu akatoa karatasi ya kukatia mitindo ambayo nyuma yake alikuwa ameandika maswali. Bawaba akamvutia benchi, akaketi mbele yake kama mwanafunzi. Hakuna aliyewahi kuingia pale na maswali yaliyoandikwa.

"La kwanza. Kwa umri wangu, inawezekana?"

"Msuli hausomi cheti cha kuzaliwa. Ukiupa kazi, chakula na usingizi, unakua. Polepole kuliko wa kijana, lakini unakua. Kwanza upite zahanati wakupime shinikizo la damu, ndipo tuanze."

"La pili. Nitaota ndevu?"

"Huyu Kinyozi ana miaka mitatu hapa, anaziomba ndevu usiku na mchana. Muulize amepata ngapi."

"Saba," alisema Kinyozi. "Ila ni nzito."

Bi Sindano alicheka, na alipocheka alishtuka, kwa kuwa alikuwa amesahau sauti yake ilivyo. "Je, ni lazima ninunue ule unga wa kopo lenye picha ya mtu aliyevimba?"

"Ule ni chakula kilichosagwa, bi mkubwa. Anayepata mayai, maharage, maziwa na karanga hana haja nao. Ila mtu akikuletea vidonge au sindano za kuvimbisha misuli, mkimbie. Nimemzika rafiki."

"Nikiumwa, ndiyo najengeka?"

"Msuli ukichoka na kuuma kesho yake, ni kawaida. Kiungo kikichoma, au mgongo, acha hapohapo. Mimi sikuacha, ndiyo maana leo nafunga viatu nimekaa."

"Nije kila siku?"

"Hapana. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Msuli haujengwi hapa. Hapa tunaubomoa. Unajengwa nyumbani, kwenye sahani na kwenye mto. Mayai mawili kwa siku, bakuli la maharage, maziwa ukiyapata, na usingizi."

Bi Sindano aliandika yote hayo. Lakini hilo la kupumzika aliliandika tu, hakuliamini. Maishani mwake hakuwahi kuona kitu kilichofanywa na mtu aliyelala.

"La mwisho. Wiki nane zinatosha kumnyanyua mwanamume wa kilo themanini?"

Bawaba alimpima kwa macho. "Zinatosha kuanza," alisema. "Na usimnyanyue. Mtu mzima hanyanyuliwi kama ndoo. Unamsaidia asimame, mnageuka, anakaa. Miguu yako ndiyo ifanye kazi, si mikono. Nitakufundisha."

Kuhusu ada, alimwambia mabenchi yake yametoboka, na fundi wa kuyashonea vifuniko angemfaa kuliko mwanachama anayelipa. Bi Sindano alijua mabenchi yale hayakuwa na shida kubwa. Alishona vifuniko viwili vya turubai, mshono maradufu.

*

Basi akawa anakwenda alasiri, Mlinzi akikaa na Fundi kabla ya zamu yake. Alianza na kopo tupu. Kukaa kitini na kuinuka, mara kumi, bila kushika kitu. Kujikunja kwenye bawaba. Kulibeba kopo karibu na tumbo, "kama siri," Bawaba alisema, "ukiiweka mbali na mwili inakulemea." Wiki ya pili kopo lilikuwa na zege kidogo. Wiki ya nne aliinua kilo ishirini kutoka sakafuni, na Kinyozi akapiga makofi kwa moyo safi, akasema, "Bi Sindano umekuwa Bi Msumari!" Usiku huo alilala akitabasamu.

Kisha nguvu ikaanza kurudi ilikotoka.

Kosa lilikuwa hili. Tangu aolewe, Bi Sindano hakuwahi kula kabla ya mumewe. Alimpakulia, akamsubiri, akala kilichobaki, na hakuona dhiki kwa kuwa kila siku kilibaki cha kutosha. Ndivyo mama yake alivyofanya, na nyanya yake kabla. Sasa mtu ni mgonjwa. Nani atamega yai mbele ya mgonjwa? Mayai mawili aliyoambiwa ale, alimchemshia Fundi. Maziwa akamtilia kwenye uji. Maharage akampondea laini ili asipaliwe. Alijiambia kwamba mumewe akipata nguvu upande mmoja na yeye upande wa pili, watakutana katikati.

Lakini Fundi alikula nusu tu. Yai moja alilisukuma kwa mkono wa kushoto, akafunga mdomo. "Ime... tosha."

"Kula, mzee wangu. Lako hilo."

"Imetosha."

Bi Sindano akaona ugonjwa unazidi. Akalifunika yai kwa sahani, akampa jioni. Akalikataa tena. Kesho yake akamchanganyia kwenye uji, naye akaacha nusu ya uji. Yai lile likazunguka nyumbani kama mgeni asiyepewa kitanda, hadi likaharibika likatupwa, na wote wawili walikuwa na njaa. Yeye alikunywa chai, akala vipande viwili vya mkate, akakimbilia cherehani.

Na siku za kupumzika hakupumzika. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alijaza ndoo mchanga uani, akaiinua na kuishusha hadi macho yakafanya ukungu. Wiki nane ni chache, alijiambia. Anayepumzika ni mwenye wakati.

Wiki ya saba kopo la kilo ishirini lilikataa. Bawaba alimtazama mashavu. "Leo umekula nini?"

"Mayai mawili, bakuli la maharage, maziwa," alisema Bi Sindano, kama mtoto anayekariri shairi.

"Umelala?"

"Fofofo."

Hakuwa mwongo kwa tabia. Lakini angesema nini? Angesema chakula cha kumjengea nguvu anampa mtu ambaye hakili? Aliona haya, akaona pia kwamba Bawaba angemwambia asije tena. Bawaba akakuna kichwa. "Basi inua kumi na tano. Na kesho usiguse hata ufagio."

Kesho yake aliinua ndoo ya mchanga mara sitini. Alipomaliza alishika ukuta. Mikono ilitetemeka hata akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, jambo ambalo halikuwahi kumpata tangu alipokuwa msichana. Aliitazama ile mikono akaiambia kwa sauti, "Mnanifanyia nini? Zimebaki siku tisa."

*

Mwashi alifika siku ileile aliyosema, saa nne asubuhi, na wanawe wawili. Wale vijana walisimama mlangoni wameinamisha vichwa, kwa kuwa walimpenda shangazi yao, kama walivyomwita mke wa baba yao mkubwa. Mlinzi naye alikuwapo. Hakwenda kulala.

Bi Sindano alikuwa ameamka mapema, akamwogesha Fundi, akamvisha shati la kola. Yeye mwenyewe hakuweza kumeza kitu tangu jana.

"Tuanze basi, shemeji," alisema Mwashi, na sauti yake ilikuwa ya chini.

Alimkalisha mumewe ukingoni. Alimwekea miguu sawa. Alijikunja kwenye bawaba, akamkumbatia kiunoni, kama siri. Kila kitu alikifanya kama alivyofundishwa, na kwa pumzi moja Fundi alipanda, akapanda kweli, matako yakaacha kitanda, na Mlinzi akasema, "Ehee!" Kisha magoti ya Bi Sindano yakapotea. Hayakuuma, yalipotea tu, kama taa inavyozimika. Aliona dari, akaona weusi, na kitu cha mwisho alichoweza kufanya ni kujigeuza awe chini ili Fundi amwangukie yeye badala ya saruji.

Alipozinduka, kichwa chake kilikuwa pajani kwa Mlinzi. Fundi alikuwa ameshabebwa, amekaa kati ya wale vijana wawili. Mwashi alikuwa akimmwagia yeye maji usoni kwa kiganja.

"Nilianguka kwa sababu sikulala," alisema Bi Sindano. "Nipe wiki moja. Wiki moja tu, shemeji."

"Shemeji."

"Siku tatu. Nitamnyanyua. Niliinua kilo ishirini, muulizeni Kinyozi, alinipigia makofi..."

"Shemeji, mtatufia mikononi watu wawili kwa siku moja. Nakuomba usinililie, tulikubaliana."

Hakulia. Alikunja nguo za mumewe moja moja, mashati matano, akayaweka kwenye begi. Vijana walipomwinua Fundi kupita mlangoni, mkono wake wa kushoto uliudaka upindo wa gauni la mkewe na kuushika. Hakusema neno. Labda lilikuwapo, halikuweza kushuka ngazi. Mwashi alilazimika kufungua vidole vile kimoja kimoja, na alifanya hivyo polepole sana, akisema kila kidole, "Samahani, kaka. Samahani, kaka."

*

Siku ya tatu ya kutoonekana kwake, Bawaba na Kinyozi walibisha hodi. Walimkuta ameketi kitandani, upande wa Fundi, viatu miguuni, kama mtu anayesubiri kuitwa zahanati. Jiko lilikuwa baridi. Bawaba aliinua sahani iliyofunika bakuli na kukuta mayai manne yaliyochemshwa, mawili yameshaanza kunuka.

"Haya ya nani?"

"Ya Fundi. Alikuwa hali."

"Na yako yako wapi?"

Mlinzi, aliyeingia nyuma yao, alisimama akiizungusha kofia yake mikononi. "Kuna jambo nilipaswa kusema," alisema. "Nikiwa nimekaa naye alasiri, nilikuwa namhimiza amalize sahani. Alikuwa anaisukuma, ananiambia 'yake'. Nikadhani amechanganyikiwa. Siku moja akanionyesha mlangoni ulikotokea wewe, akasema, 'Yeye... ale.' Bi Sindano, alikuwa hashibi. Alikuwa anakubakizia."

Mwanamke yule aliweka mikono usoni, na hapo ndipo alipolia, kilio kirefu cha mtu aliyejikaza wiki nane. Miaka thelathini na minane alikula kilichobaki, naye mumewe alijua, na kila siku alihakikisha kinabaki.

Bawaba alikasirika kwanza, kama watu wengi wema wanavyofanya wakishtuka. "Umeniuliza maswali kumi na mangapi sijui! Unga, ndevu, kila kitu! Hukuniuliza hata mara moja nani ale kwanza!"

"Sikujua kuwa ni swali," alisema Bi Sindano.

Hasira ikamwisha. Akavua koti, akawasha jiko, akapika maharage kwa kelele nyingi na ustadi mdogo. Alipakua sahani mbili zilizo sawa, akaketi. "Mimi siwezi kula peke yangu, chakula hakipiti. Anza."

"Anza wewe, wewe ni mgeni."

"Basi tutakaa hapa mpaka mvua za mwakani."

Kinyozi, aliyekuwa na njaa yake, alisema kwa upole, "Bi Sindano, tuhurumie." Bi Sindano akachota kijiko cha kwanza. Alikimeza kwa shida, kama anayeiba.

Wakajipangia zamu bila kumwomba ruhusa. Jumatatu Bawaba, Jumanne Kinyozi na mkasi wake mfukoni, Jumatano mke wa Mlinzi, na kadhalika. Kila mchana mtu alibisha hodi akisema hawezi kula peke yake. Siku za kupumzika Mlinzi aliibeba ile ndoo ya mchanga akaificha kwake. Baada ya wiki mbili magoti yakarudi. Baada ya nne, kilo ishirini. Lakini kitanda kilikuwa kitupu, na kila aliporudi nyumbani alijiuliza nguvu hizi ni za nani sasa. Alizipata baada ya mwenyewe kuondoka. Mara nyingi alitaka kuacha. Halafu mtu alibisha hodi na sahani.

Mchana, cherehanini, alishona kitu ambacho hakuna aliyemwagiza: mshipi mpana wa turubai, wa kufunga kiunoni mwa mtu, wenye vishikio viwili imara ubavuni.

*

Wiki ya tano alipanda basi. Kwa Mwashi alipokewa vizuri. Mke wa Mwashi alimkumbatia, akamkalisha, akampa maji. Fundi alikuwa chumba cha nyuma, safi, amenyolewa, shuka jeupe. Lakini alikuwa amekonda, na bega lake la kulia lilikuwa limevimba. Alipomwona mkewe mlangoni, nusu nzima ya uso wake ilicheka na nusu nyingine ikabaki palepale.

"Bega limefanya nini?" aliuliza Bi Sindano.

"Vijana humwinua kwa kwapa," alisema Mwashi. Alionekana mzee kuliko wiki tano zilizopita. "Tunajitahidi, shemeji. Lakini kila wakimwinua analia."

"Mkono uliokufa hauvutwi. Utang'oka begani." Akafungua mfuko wake, akatoa mshipi. "Niacheni nimweke kitini."

"Hapana."

"Shemeji."

"Hapana! Ukianguka naye tena sitakusamehe, wala sitajisamehe."

"Basi simama hapo kando. Mikono yako iwe karibu. Usinishike mpaka nikuite."

Mwashi alitazama kaka yake. Fundi alitikisa kichwa kukubali, mara moja, kwa nguvu kuliko alivyohitaji.

Bi Sindano alimfunga mshipi kiunoni, akavuta kuhakikisha. Aliweka kiti karibu, upande wa kushoto wenye uhai. Aliweka goti lake mbele ya goti lililokufa, kulizuia lisipinde. Akajikunja, akashika vishikio, mgongo umenyooka. Kwa ghafla aliyaona magoti yake ya siku ile, akataka kuachia.

"Mzee wangu," alimwambia sikioni, "umekula leo?"

"Nime... kula."

"Na mimi nimekula. Sukuma mguu wako mzima. Nikisema tatu."

Akahesabu. Fundi akasukuma, yeye akasukuma sakafu kwa visigino, na mwanamume yule mrefu akasimama. Alisimama akitetemeka, kidevu chake juu ya kitambaa cha mkewe, na kwa muda wakawa kama watu wanaocheza muziki ambao wengine hawausikii. Kisha wakageuka, hatua ndogo, nyingine, nyingine, naye akaketi. Kiti kililia kidogo. Hakuna aliyeanguka.

Mwashi alikuwa bado amenyoosha mikono hewani. Akaishusha.

"Mara moja," alisema.

"Ndiyo. Mara moja."

"Kumlea ni mara nane kwa siku, shemeji. Kila siku. Na wewe uko peke yako kule."

"Najua."

"Siwezi kukwambia mchukue leo. Usinichukie."

"Sikuchukii. Ulimwosha vizuri, nimemwona hata kucha." Alipangusa jasho. "Waite vijana niwafundishe kumwinua kwa mshipi. Kisha nitarudi Jumamosi, nimwinue mara mbili. Nyingine, mara nne. Hesabu wewe, shemeji. Ukichoka kuhesabu, utaniambia."

Mwashi aliwaita vijana.

Alasiri basi likapiga honi barabarani. Bi Sindano alichukua mfuko wake. Fundi alikuwa bado kitini, karibu na dirisha, ameutazama uwanja ambao kwa wiki tano alikuwa akiusikia tu. Aliinua mkono wa kushoto, si kuaga, bali kumsimamisha. Kinywa chake kikaanza kutafuta. Honi ililia tena, mke wa Mwashi akasema, "Utaachwa," lakini Bi Sindano hakusogea. Alisubiri neno lishuke.

"Njoo tena," alisema Fundi, yote mawili kwa pamoja. Akapumua, akaongeza, "Njoo hata kesho."